Namba yako ya simu ndo jina lako

Wateja wangu wengi wanaanza na sentensi moja, "kaka nimehakiwa". Mi kazi yangu ni kompyuta na mitandao, nahudumia ofisi ndogondogo hapa Mwanza, saccos, shule, maduka ya jumla pale Makoroboi, ila jioni napokea simu za watu binafsi, mtu kapigiwa na namba asiyoijua akatajiwa majina yake yote matatu, aliyepiga anajua anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, anajua hadi mtoto anasoma wapi. Sa ukikaa nae chini ukakagua simu yake hukuti kirusi wala nini. Hakuna aliyemhaki. Yote yale kayaweka mwenyewe, kimoja leo kingine mwakani, sehemu tofautitofauti, na kinachoyaunganisha karibu kila mara ni namba ya simu. Namba ndo uzi, hayo mengine yote ni shanga tu.

Kama unabisha chukua simu ya mtu wa nyumbani kwako, ingia menyu ya pesa, jifanye unatuma buku kwenda kwenye namba yako halafu usimalizie. Kabla hujaombwa kuthibitisha, jina lako linatokea kwenye skrini. Ile imewekwa kwa nia nzuri kabisa, usije ukarusha hela kwa mtu siye, na mi siipingi hata kidogo. Lakini maana yake popote ulipoiandika namba yako umeandika na jina lako, tena lile la NIDA, la kitambulisho cha taifa, maana tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho, na ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo unaweza ukajiita "Mtoto wa Ziwa" kwenye mtandao miaka kumi, siku ukiandika "nicheki kwa namba hii" imeisha hiyo.

Haya, njoo kwenye magrupu. Grupu moja la WhatsApp linabeba watu hadi 1024, na we upo kwenye la wauza mabondo, la wazazi wa shule, la mtaa huko Buhongwa, la kwaya, la mliomaliza pamoja SAUT, na kila aliyemo anaiona namba yako. Admini akishaibandika linki ya kujiunga hadharani anaingia yeyote, hachangii hata neno, anakopi namba zote anatoka zake, mtaona tu "fulani ametoka" na hakuna anayejiuliza. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" alikuwa anarusha kibahati nasibu, tukamzoea mpaka tukamfanya utani. Huyu wa sasa anakuita majina yako matatu, na lile la katikati ambalo hata wifi zako hawalijui, anasema yuko huduma kwa wateja, kuna muamala wako umekwama, atakutumia namba sita kwenye meseji umsomee. Ukimsomea zile sita, mara nyingi umempa WhatsApp yako yote, na kesho anawaomba ndugu zako mkopo wa dharura kwa picha yako.

Dawa ninayowapa watu ni laini mbili. Moja ya hela, benki na familia, hiyo haiandikwi popote, hata kwenye karatasi ya kuchangia harusi. Nyingine ya matangazo, magrupu, kujisajili kwenye tovuti, na hii usiifungulie huduma ya pesa kabisa, hapo yule wa kuchungulia menyu hapati jina. Kwenye Telegram unaweza kuficha namba, ingia mipangilio, faragha, namba ya simu, weka isionwe na yeyote. Kwenye WhatsApp weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye grupu ni wale tu uliowasevu, na uwashe ile namba ya siri ya hatua ya pili, ni dakika mbili tu. Halafu piga *106# uangalie kitambulisho chako kimesajilia laini ngapi, kuna watu wanakuta laini hawazijui, na hiyo ukiiona usiiache hadi kesho. Meseji za utapeli zipeleke 15040, ni bure.

Sa tuje kwa wale wanaosema "mi natumia jina bandia, picha ya paka, hawanijui". Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani iliachia hadharani orodha ya vitu ambavyo wateja wake kama laki sita na nusu walivitafuta mtandaoni kwa miezi mitatu, majina yametolewa, kila mtu kapewa namba. Waandishi wa New York Times wakakaa na namba moja, wakasoma tu alichokuwa anatafuta, mji wake, ukoo wake, magonjwa, wakaenda wakagonga mlango wa bibi mmoja wa miaka 62 kule Georgia. Na kabla ya hapo, mwaka 2000, mtafiti Latanya Sweeney alishaonyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani unaweza kumtofautisha kila mmoja kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo. Hakuna jina hapo. Sisi hatuna mambo ya namba ya posta kihivyo ila tuna mitaa, tuna makabila, tuna "nilisoma shule fulani", kazi ni ileile.

Kwenye mafunzo huwa naomba mtu ajitolee tuipekue akaunti yake ya jina bandia mbele ya wenzake. Dada mmoja alijitolea huku anacheka. Tukaanza kusoma posti zake. Kalalamika umeme umekatika "huku kwetu Nyegezi". Kwingine kaandika kabla daraja halijafunguliwa alivyokuwa anateseka na foleni ya kivuko Kigongo kila Ijumaa, kwa hiyo kwao ni ng'ambo, Sengerema huko au Geita. Kaweka picha ya paka dirishani, nyuma ya paka kuna bango la lodge, lodge hiyo ukiitafuta kwenye ramani ipo. Na jina lenyewe la bandia lilikuwa linaishia na mwaka wake wa kuzaliwa, tukalitupia kwenye gugo likatoka na tangazo la kuuza friji, jina lilelile, na chini ya friji namba ya simu. Chai hata haijapoa tulikuwa na majina yake matatu. Hapo bado alikuwa anacheka, alinyamaza pale mwenzake aliposhuka chini zaidi akakuta swali aliloulizia dawa za kisukari. Jina kujulikana si tatizo, kila mtu pale anamjua. Ila lile swali alilipeleka kule kwa sababu alitaka kuuliza bila kuwa yeye.

Kwa hiyo jina bandia linafaa, ila lisirudiwe. La kuuzia friji liwe lake, la maswali ya afya liwe lake na emaili yake, picha usiitumie mara mbili, na hadithi zako zichanganye kidogo, kama uko Igoma sema tu uko Mwanza, kama una watoto watatu hakuna ulazima wa kuwahesabu.

Picha nazo zina siri zao. Simu ikipiga picha huku lokesheni ya kamera imewashwa inaandika ndani ya faili mahali ulipo, namba mbili kama -2.51 na 32.90, ukizibandika kwenye ramani zinakuangusha hapahapa mjini, na zikiwa na tarakimu nyingi zaidi zinakupeleka hadi kwenye geti lako. Ukituma picha kawaida kwa WhatsApp hizo taarifa zinaondolewa, lakini ukituma kama dokumenti ili isipungue ubora zinaenda nazo, na kwa emaili vilevile. Zima lokesheni kwenye kamera, we unajua ulikuwa wapi.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni steshenari. Mtu anaogopa mahaka wa Urusi huko, halafu anaingia steshenari, ukutani kuna namba ya WhatsApp kwa herufi kubwa, anatuma kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, anaprintiwa, analipa anaondoka. Faili zimebaki kwenye simu ya dukani na zimebaki kwenye kompyuta. Niliitwa sehemu moja mashine imekuwa nzito, nikafungua folda ya dauniloudi nikakuta maisha ya mtaa mzima, mikataba ya nyumba, taarifa za benki, vyeti vya ndoa, vipimo vya hospitali, vimepangwa kwa tarehe, na kijana wa watu wala hana nia mbaya, hajawahi tu kuambiwa afute. Na mashine hiyohiyo ndo watu wanaombea ajira na mkopo wa chuo, wanaingiza emaili na paswedi, brauza inauliza nihifadhi? mtu anabonyeza ndiyo, basi anayekaa baada yake anakuta kila kitu wazi.

Ukiwa huna namna zaidi ya steshenari, na wengi hatuna, fungua dirisha la faragha la brauza kabla hujaingiza paswedi, ukimaliza toka kwenye akaunti halafu funga dirisha lote. Kitambulisho kikishaprintiwa mwambie afute mbele yako, kwenye chati, kwenye dauniloudi na kwenye kapu la takataka, usione aibu, ni kitambulisho chako. Nakala unayompelekea mwenye nyumba au mwajiri andika juu yake kwa kalamu, katikati kabisa, "kwa ajili ya maombi ya kazi tu" na tarehe, hapo mtu akitaka kuitumia kukopea inamsumbua. Na kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako sasa hivi. We angalia tu.

Apu za mikopo zile za haraka sitazisema sana. Ukiiruhusu isome namba ulizosevu imezisoma, na siku ukichelewa kulipa bosi wako na mchungaji wako wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zisizo na kibali, nyingine zinazaliwa upya na rangi nyingine. Apu ya kukopesha inayotaka namba za marafiki zako inatafuta wa kuwaaibishia, ikatae.

Kuhusu VPN, zile apu zinazopitisha mtandao wako kwenye mashine ya mtu mwingine, naulizwa kila siku. Inaficha anwani yako ya mtandao (IP) kwa tovuti unayoitembelea, lakini ukishaingia na akaunti yako ya siku zote umejitambulisha mwenyewe, na mwenye VPN ndo anakuwa anaona unakoenda, hasa hizi za bure. Na ujue TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia wajisajili. Lile dirisha la faragha nalo linafuta historia kwenye mashine tu, huko nje tovuti inakuona kama kawaida, Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa jambo hilohilo na 2024 wakakubali kuharibu rekodi walizokuwa wamekusanya.

Mwisho kuna mwenye tovuti mwenyewe, ambaye anayo emaili yako na anwani uliyoingilia hata kama wasomaji wanaona paka tu. Wapo wanaosimama na watumiaji wao, Maxence Melo wa tovuti ya mijadala ya JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 ikiwemo kwa kukataa kutoa taarifa za wanachama, lakini usitegemee kila mwenye tovuti atalala rumande kwa ajili yako, toa kidogo tangu mwanzo. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa inayopokea malalamiko. Ukitaka taarifa zako zifutwe mahali andika emaili fupi, taja akaunti, sema unataka nini kifutwe, weka tarehe, hifadhi nakala. Wakikaa kimya hiyo nakala ndo unaipeleka Tume. Na wakikujibu kwamba watakufutia ukiwatumia kwanza picha ya kitambulisho, waulize wanaihitaji ya nini wakati siku unajiunga walitaka emaili peke yake.