Paa la asbesto: siku ya hatari ni siku ya ukarabati

Likizo moja ya Desemba nilipita kwenye shule ya msingi iliyokuwa imepata fedha za ukarabati. Mabati mapya yalikuwa yamerundikwa chini ya mwembe, na mafundi wanne walikuwa juu ya paa la darasa wakiteremsha yale ya zamani. Waliteremsha kwa nyundo. Pigo moja, bamba linapasuka vipande vitatu, vipande vinatupwa chini, vinagonga sakafu ya baraza na kutimua vumbi la kijivu. Kijana mmoja alikuwa amejifunga fulana puani. Pembeni, mama wa nyumba ya jirani alikuwa akichagua vipande vilivyo vizima kidogo, vya kuezekea banda lake la kuku.

Nilisimamisha kazi. Fundi mkuu, mtu wa makamo, alishuka ngazi taratibu, akanisalimu, kisha akaniuliza: "Bwana afisa, paa hili limekaa juu ya vichwa vya watoto miaka arobaini, hakuna aliyedhurika. Leo tunaliondoa ndiyo limekuwa sumu?"

Jibu ni ndiyo. Kwa miaka yote hiyo arobaini, hakuna siku paa lile lilikuwa hatari kama siku hiyo. Kila mwenye dhamana ya jengo la umma, awe mwalimu mkuu, mganga mfawidhi au mhandisi wa halmashauri, anapaswa kulijua hilo kabla hajaidhinisha ngazi ipandwe.

Tunayaita mabati ya asbesto, ingawa si bati la chuma. Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, ambayo jiwe lake huchambuka kuwa nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui, haziozi, hazishiki kutu. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kuzichanganya na saruji kutengeneza bamba jembamba lililo imara, na bamba hilo likaenea dunia nzima. Huku kwetu liliezeka shule, zahanati, mahakama, maghala na nyumba za watumishi. Pwani lilipendwa zaidi, maana upepo wa chumvi unaokula bati la chuma haulifanyi kitu. Waliolichagua hawakuwa wajinga. Lilikuwa paa la bei nafuu, baridi ndani, na mvua haikupiga kelele juu yake wakati mwalimu anafundisha.

Katika bamba la aina hiyo, nyuzi za asbesto kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15, na sehemu iliyobaki ni saruji inayozishika. Saruji ikiwa nzima, nyuzi haziendi popote. Ukilipasua, ukalikata kwa grainda, ukalitoboa au kulisugua kwa brashi ya waya, unazifungua. Zikiachiwa huwa nyembamba mara mamia kuliko unywele. Hazionekani, hazina harufu, haziwashi koo, na zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi baada ya vumbi unaloliona kutua. Zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha.

Kinachofuata huchukua muda mrefu, na muda huo ndio unaotudanganya. Ugonjwa huja miaka 20, 30 au 40 baadaye: mapafu kufanya makovu na kukakamaa, saratani ya mapafu, ya zoloto, ya ovari, na saratani ya utando unaofunika mapafu na tumbo, iitwayo mesothelioma, ambayo mara nyingi huondoka na mgonjwa katika muda mfupi tangu igunduliwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto waliyokutana nayo watu kazini inaua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka. Fundi akifariki akiwa na umri wa miaka 62, nani atakumbuka paa alilovunja akiwa na miaka 27? Msibani watu husema alikuwa na kifua.

Na si fundi peke yake. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la migodi ya asbesto la Northern Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Mwaka 1965 utafiti wa London ukaonyesha ugonjwa huohuo kwa watu ambao kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa kiwandani, wakiwemo waliomfulia nguo. Ndiyo maana siku ile nilimwomba yule mama avirudishe vile vipande, na nikawaomba mafundi wasiende nyumbani na zile ovaroli.

Hata hivyo, hofu nayo ina madhara yake. Nimeona jengo ambalo lingekaa salama miaka mingine kumi likivunjwa ovyo kwa sababu mtu alisikia asbesto inaua. Mwanafunzi anayesoma chini ya paa zima, lisiloguswa, yuko katika hatari ndogo sana. Hatari huongezeka kadiri mtu anavyovuta nyuzi nyingi na kwa muda mrefu, na anayezivuta zaidi ni fundi anayefungua paa hili mwezi huu na lile mwezi ujao. Wazazi huniuliza pia kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye paa hizi. Ushahidi uliopo haujaonyesha kwa uhakika kuwa kunywa nyuzi hizo kunaleta saratani. Shida inayojulikana ni ya kuvuta kwa pumzi. Kwenye gata ndipo pa kuangalia. Tope linalojikusanya humo hubeba nyuzi zilizochujika kutoka kwenye bamba kuukuu, na likikauka kisha likafagiliwa, huwa vumbi. Litolewe likiwa limelowa, liingie moja kwa moja kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa.

Utalitambuaje? Kama jengo ni la kabla ya miaka ya 1990 na paa lake ni la kijivu, lenye mawimbi, nene kuliko bati, halina kutu ila lina kuvu na ukoga, na limefungwa kwa bolti badala ya misumari ya bati, lichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Pale lilipovunjika zamani, kingo huonyesha vinywele. Usilivunje ili kuhakikisha. Wala usiishie kwenye paa. Kuna mabamba ya dari, matanki na mabomba ya maji, vigae vya plastiki vya sakafuni na gundi yake nyeusi, bodi nyuma ya swichi kuu za umeme. Katika hospitali kongwe nenda chumba cha boila, utazame kile kitambaa au plasta nyeupe iliyozungushiwa mabomba ya mvuke. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko paa lolote, kwa kuwa haina saruji ya kuishika. Inamong'onyoka kwa kidole. Ukikuta imechanika, funga mlango, weka tangazo, ita mtaalamu. Hata kufagia chumba hicho hakufai.

Baada ya kuijua, iandikwe. Daftari la kawaida la kaunta linatosha kuanzia: jengo gani, sehemu gani, ukubwa gani, hali yake ikoje leo, pamoja na picha na tarehe. Hali hiyo ikaguliwe upya walau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya upepo mkali. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, lakini paa hazikuondoka na marufuku, na hadi leo kanuni zao za 2012 zinamtaka mwenye dhamana ya jengo awe na kumbukumbu hiyo na amwonyeshe yeyote anayekuja kufanya kazi humo. Sehemu ya mwisho ndiyo muhimu. Daftari lililofungiwa kabatini halimkingi fundi umeme aliyekuja kutoboa dari apitishe waya wa feni. Alione, alisaini, ndipo atoe drili.

Paa likiwa zima, mara nyingi uamuzi bora ni kuliacha na kulitazama. Likianza kuchujika uso, linaweza kupakwa rangi maalumu ya kuliziba, kwa sharti moja: lisisuguliwe wala kupigwa maji ya presha kwanza. Nimeona ofisi ikiosha paa kwa mashine ili lipendeze kabla ya ugeni, na tope la kijivu likatiririka hadi kwenye bustani ya mboga. Na kabla ya saratani ya baadaye kuna kifo cha papo hapo: bamba kuukuu halibebi uzito wa mtu. Mtu hulikanyaga katikati, likavunjika, akaanguka hadi sakafuni. Anayepanda akanyage mbao pana zilizolazwa juu ya kenchi, akiwa amefunga mkanda wa usalama.

Likiwa limepasuka sana au jengo linakarabatiwa, liondolewe. Na hapa naomba nisikilizwe na wanaoshika kalamu kuliko wanaoshika nyundo. Siku ile mafundi wale hawakukosa adabu wala akili. Walipewa kazi iliyoandikwa "kuondoa paa la zamani", mstari mmoja, kwa bei ya siku mbili. Kazi zetu nyingi za shule na zahanati hufanywa kwa fosi akaunti, kamati inaajiri mafundi wa hapohapo kijijini. Ni utaratibu mzuri unaobakiza fedha mikononi mwa wanakijiji, ila haufai kwa kazi hii. Uondoaji wa asbesto utengwe na ukarabati mwingine, uwe na bajeti yake, upewe mkandarasi mwenye ujuzi na vibali, na umalizike kabla fundi wa kijiji hajaitwa. Makadirio yanayotaja mabati mapya bila kutaja yale ya zamani yataenda wapi, yarudishwe yalikotoka.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, haina kelele. Hakuna mwanafunzi wala mgonjwa ndani, na eneo limezungushiwa kamba. Paa linanyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, kwa mnyunyizio laini, na linaendelea kuloweshwa. Bolti zinafunguliwa kwa spana. Zilizoshika kutu hukatwa kichwa chake, bamba haliguswi. Kila bamba linateremshwa zima, mkono kwa mkono, na kulazwa juu ya nailoni nzito, kisha linafungwa tabaka mbili na kuandikwa kwa herufi kubwa. Barakoa ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazizuii nyuzi hizi. Inahitajika ile yenye kichujio cha daraja la juu kabisa, inayobana uso pande zote, na mwenye ndevu hanyimwi heshima akiambiwa anyoe, kwa kuwa pale ndevu zinapoizuia kubana uso ndipo nyuzi zinapopitia. Ovaroli ni za kuvaa mara moja na kuzikwa pamoja na taka. Mwishoni, juu ya dari na kenchi hufutwa kwa vitambaa vibichi. Fagio kavu likiingia hapo, kazi yote ya siku imeharibika.

Mabamba yaliyofungwa ni taka hatarishi kisheria. Kenya, kanuni za taka za 2006 zimeiorodhesha asbesto hivyo, na anayeisafirisha au kuitupa anahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Tanzania, mlango ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na upande wa wafanyakazi ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya 2003. Mwisho wake ni kufukiwa kwenye eneo lililoidhinishwa na kuwekwa kwenye ramani, ili miaka 50 ijayo mtu asije akachimba msingi hapo. Kuisaga kuwa kokoto, kuichoma, kuigawa kwa wanakijiji au kuipiga mnada kama chakavu ni kuihamisha hatari kutoka paa moja kwenda nyumba mia.

Nyuma ya majengo mengi kuna rundo la vipande vya ukarabati uliopita, vimefunikwa na majani, na watoto huviokota kuchorea sakafuni kama chaki. Visibebwe kwa karai na koleo. Viloweshwe, viokotwe na watu wenye vifaa, viingie kwenye kifungashio kilekile cha nailoni.

Yule fundi mkuu alirudi kuniuliza kabla sijaondoka, safari hii kwa sauti ya chini: kwa siku moja na nusu waliyokwisha kufanya, wameshaugua? Nilimweleza kuwa siku moja na nusu si miaka kumi, kwamba wengi wanaopata kiasi hicho hawataugua kamwe, na kwamba hakuna dawa ya kuziondoa nyuzi wala picha ya eksirei itakayoonyesha chochote kesho. Nilipomwona ana pakiti ya sigara mfukoni nilimwambia na hili: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 uliwalinganisha watu na wale wasiovuta sigara wala kufanya kazi na asbesto, na kuona uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu ni kama mara 5 kwa waliofanya kazi na asbesto bila kuvuta sigara, na zaidi ya mara 50 kwa waliovuta sigara na kufanya kazi hiyo. Kisha tukakaa kwenye ngazi za darasa, tukaandika karatasi nne, moja kwa kila fundi: jina, tarehe, shule, kazi aliyofanya na kwa saa ngapi, barakoa hakuvaa. Nikaweka sahihi na muhuri, nikamwambia kila mmoja aiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, aje amwonyeshe daktari siku atakayopata kikohozi kisichopona, hata kama siku hiyo ni mwaka 2055.