Mkurugenzi hawajibiki kwa wenye hisa peke yao

Huku Mwanza, kiwanda cha minofu ya sangara kinaposhusha ghafla bei ya kununulia samaki kwa wavuvi, husemwa kwamba mkurugenzi hana kosa, kwa kuwa wajibu wake ni faida ya wenye hisa tu. Dhana hiyo ni ya muda mrefu, na si sahihi. Sheria ya Kampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi azingatie pia maslahi ya wafanyakazi. Na hata Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani anayetajwa sana kama mtetezi wa faida, aliandika mwaka 1970 kwamba faida itafutwe kwa kufuata sheria na desturi za kimaadili za jamii.

Bei kushuka kwa sababu soko la nje limeshuka si dhuluma. Lakini kusubiri mpaka mitumbwi imeshaingia ziwani, ikiwa na mafuta na barafu vilivyochukuliwa kwa mkopo, ndipo bei mpya itangazwe, ni kumbebesha hasara mvuvi ambaye hakupewa nafasi ya kuikataa, ilhali samaki wake hawawezi kumngoja mnunuzi mwingine. Bodi ijiulize kama ingethubutu kumweleza mvuvi huyo sababu zake waziwazi, kabla hajakopa.