Bei kikomo ya mafuta ni nini?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa 6:01 usiku, bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa huanza kutumika Tanzania Bara. Asubuhi utamkuta mhudumu wa kituo akibadilisha tarakimu kwenye bango la barabarani, na abiria kwenye daladala wakisema serikali imepanga bei tena. Sivyo hasa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo: kiwango cha juu kabisa ambacho kituo kinaruhusiwa kuuza lita moja mahali husika. Kupita hapo ni kosa. Kuuza chini yake ni ruksa, na kituo chenye punguzo kinatakiwa kulionyesha kwenye bango. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi hung'ang'ania pale pale juu, ndiyo maana kikomo kinaonekana kama bei yenyewe.

Bei hiyo hupatikana kwa kanuni ya hesabu. Huanza na bei ya mafuta yaliyosafishwa katika soko la Ghuba ya Uarabuni. Juu yake huwekwa gharama za kuyaleta kwa meli, bima, gharama za bandarini, kodi na tozo za serikali, faida ya muuzaji wa jumla na ya rejareja, kisha gharama ya lori kutoka ghala hadi kituoni. Na kwa kuwa mafuta hununuliwa kwa dola, shilingi ikiteleza bei inaweza kupanda hata kama soko la dunia limetulia tuli.

Hilo lori la mwisho ndilo linalofanya jedwali liwe refu, maana bei huandikwa kwa kila wilaya. Mafuta hushushwa katika bandari tatu. Arusha, Kilimanjaro na Manyara hutazama Tanga; Lindi na Ruvuma hutazama Mtwara; sehemu kubwa iliyobaki hutegemea Dar es Salaam. Mtu wa Kagera, basi, hulipa zaidi ya mtu wa Temeke kwa lita ile ile, kwa sababu ya umbali tu.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mbona mafuta yameshuka duniani na hapa bado yako juu? Jibu liko kwenye kalenda. Lita unayowekewa leo ilinunuliwa wiki kadhaa nyuma, ikasafiri, ikashushwa. Kanuni inafuata bei ya wakati ule, si ya taarifa ya habari ya jana. Ikipanda duniani, uchelewaji huo huo unakupa nafuu ya muda, ingawa hiyo sijawahi kusikia mtu akiishukuru.

EWURA yenyewe haina mfuko wa kushusha bei. Vita vya Ukraine vilipopaisha mafuta mwaka 2022, serikali ndiyo iliyotoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni, na ruzuku hiyo ikaingizwa kwenye hesabu.

Udhaifu wa mfumo, kwa maoni yangu, uko katika siku chache kabla ya Jumatano. Mwenye kituo akinusa kwamba bei itapanda, anashawishika kusema mafuta yameisha huku tangi limejaa. Mwaka 2023 EWURA ilifungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta.

Zanzibar haimo kwenye jedwali hili; huko ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, hutangaza bei zake. Kenya nako EPRA, mamlaka yao ya nishati, hutoa zake tarehe 14 ya kila mwezi.

Ukihisi umeuziwa juu ya kikomo, ushahidi wako ni stakabadhi. Iwe na jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita moja. Jumla ya pesa peke yake haitoshi.