Frodo hakuitupa pete

Wengi wanaoijua riwaya ya The Lord of the Rings kwa kusimuliwa tu hudhani shujaa wake, Frodo, aliitupa motoni pete ya uwezo mwovu aliyotumwa kuiangamiza. Hakuitupa. Alifika ukingoni mwa shimo la moto baada ya taabu zote zile, akasimama, akatangaza kwamba pete ni yake, akaivaa. Iliteketea kwa sababu Gollum, aliyewahi kuwa nayo na aliyeitamani mno, alimng'ata kidole, akaipata, akarukaruka kwa furaha hadi akaporomoka nayo. Na Gollum alikuwa hai siku hiyo kwa sababu Bilbo, aliyekuwa na pete kabla ya Frodo, na baadaye Frodo mwenyewe, walimhurumia walipokuwa na nafasi ya kumuua.

Naanzia hapo kwa sababu nafundisha fasihi na teolojia, na kila darasa jipya huja na swali lile lile: Mkristo anasomaje hadithi zilizojaa uchawi, ilhali Kumbukumbu la Torati 18 inaukataza bila kumung'unya maneno? Swali ni halali. Shida ni kwamba wanaouliza huhesabu vifaa: kuna fimbo, kuna mchawi, kuna pete, basi kitabu kibaya. Mimi hutazama nani anautaka uwezo huo, anautaka wa nini, na anageuka kuwa mtu gani akishaupata.

Kipimo hicho kimo katika Matendo 8. Simoni wa Samaria alikuwa amekwisha kubatizwa alipoona watu wakipokea Roho Mtakatifu kwa kuwekewa mikono na mitume, akatoa fedha auziwe uwezo huo. Petro akamjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Muujiza wenyewe Petro haukani. Anachokikataa ni Simoni kuutaka uwe mali yake, autumie atakavyo. (Kwa kipimo hicho, anayekuuzia chupa ya mafuta ya upako yuko jirani na Simoni kuliko alivyo Gandalf, mchawi mwema wa hadithi ya Frodo. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.)

J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alikuwa Mkatoliki, aliyelelewa chini ya uangalizi wa padri baada ya mama yake kufariki mwaka 1904. Katika barua ndefu ya mnamo 1951 aliuweka uchawi na mashine kwenye kapu moja: vyote viwili huzaliwa na hamu ya mtu kutaka mapenzi yake yatimie upesi, hata kama ni kwa kuwaburuza wengine. Alikuwa amepigana Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mashine alikuwa ameziona zikifanya kazi yake. Ndiyo maana Gandalf anapopewa pete anaikataa kwa hofu. Anajua itamwingia kupitia huruma, kupitia hamu yake ya kutenda mema. Sijasikia mahubiri mengi yanayolisema hilo vizuri hivyo: mtu mwema hushikwa kwa wema wake.

Kanisa hulioni ndani ya kitabu, wala Biblia, na sala karibu hakuna. Hata hivyo mwaka 1953 Tolkien alimwandikia rafiki yake Mjesuiti, Robert Murray, kwamba kazi hiyo kwa msingi wake ni ya kidini na ya Kikatoliki. Mwanzoni bila yeye kukusudia, kisha kwa makusudi alipokuwa akiirekebisha. Pete inaangamia tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Maria kupashwa habari na malaika. Msomaji haambiwi lolote. Asiyejua kalenda anapita tu.

C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za watoto za nchi ya kubuni ya Narnia, hana subira hiyo. Yeye anataka uone, na Tolkien, rafiki yake, hakuipenda Narnia hata kidogo. Lakini katika kitabu cha kwanza cha Narnia, The Lion, the Witch and the Wardrobe, cha mwaka 1950, mna jambo ambalo wanaokisifu na wanaokilaani wote hulipita haraka. Mtoto Edmund amewasaliti ndugu zake. Mchawi Mweupe anakuja kumdai, na dai lake ni la haki: kwa Uchawi wa Kina, uliowekwa tangu mwanzo wa dunia na Mtawala wa Ng'ambo ya Bahari, kila msaliti ni wake. Susan, dada yake Edmund, anamnong'oneza Aslan, simba aliye mfano wa Kristo: hatuwezi kufanya kitu kuupinga? Aslan anamgeukia kama mtu aliyekasirika. Kuupinga uchawi wa Mtawala mwenyewe?

Huo kwa kweli ni sheria. Haufanyi mtu afanikiwe, hauna maneno ya kukariri, na hata simba mwenyewe hauvunji. Anautimiza kwa kufa badala ya mkosaji.

Na tazama anakufa mikononi mwa nani, kwa deni la nani. Wengi tulikuzwa na mafundisho kwamba msalabani deni lililipwa kwa Baba. Hapa anayedai ni adui. Hiyo ni teolojia ya zamani zaidi, ya mababa wa Kanisa. Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alisema ibilisi alimeza ubinadamu wa Kristo kama samaki anavyomeza chambo, akanaswa na ndoana ya uungu iliyofichwa ndani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliipinga fikra ya ibilisi kuwa na haki ya kudai katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, na hoja zake ndizo zilizotawala Magharibi kwa muda mrefu. Mwaka 1930 Gustaf Aulén, Mlutheri wa Sweden, alitetea upya picha ya Kristo mshindi. Kwa hiyo mchungaji anayeisifu Narnia kuwa ni Injili yenyewe angefaa ajue ni maelezo yapi ya msalaba anayoyashangilia.

Harry Potter nitampitia kwa kifupi. Kule uchawi ni stadi, unafundishwa darasani kama hesabu, na sioni Ukristo ndani ya stadi hiyo. Uko makaburini. Katika kitabu cha mwisho, cha mwaka 2007, kaburi la wazazi wake lina maneno ya 1 Wakorintho 15:26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti", na kilichomlinda mtoto tangu mwanzo ni mama aliyekubali kufa.

Kuna pingamizi moja nisiloweza kulipuuza. Msomaji wa Shinyanga au Kilifi hasomi neno "mchawi" kama msomaji wa Oxford. Huku vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kumpa mtoto hadithi ambamo mchawi ni mwanamke wa kuuawa kunahitaji mzazi au mwalimu awe karibu.

Mimi huwapa wanafunzi kwanza kitabu kingine cha Narnia, The Magician's Nephew cha 1955, kinachosimulia alikotoka Mchawi Mweupe. Jina lake ni Jadis, malkia, mrefu, mzuri wa sura. Alipokuwa akishindwa vita na dada yake alitamka neno moja lililoua kila kiumbe hai katika dunia yao isipokuwa yeye, na anajitetea kwamba watu wakubwa hawafungwi na sheria za watu wa kawaida. Maneno kama hayo msomaji ameshayasikia kwa Mjomba Andrew, mzee wa London anayefanyia watoto majaribio ya pete zake. Mwishoni Aslan anawaonya watoto kwamba hata katika dunia yetu mtu mwovu anaweza kugundua siri mbaya kama neno lile. Kitabu kilitoka miaka 10 baada ya bomu la atomiki la Hiroshima. Wanafunzi wakishakisoma, nikiwauliza wachawi wa Lewis wanaishi wapi leo, hakuna anayemtaja bibi wa kijijini.