Anayepinga mageuzi ya viumbe anaweza kufanya kazi ya biolojia?

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: eti mageuzi ya viumbe (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi) ni imani tu, maabarani hayana kazi, na anayeyapinga hufukuzwa kwenye biolojia. Tafadhali usiusambaze. Mwanasayansi hupimwa kwa ushahidi wa kazi yake, na wako waumini wengi wa dini wanaoyakubali mageuzi. Watu huchanganyikiwa wakidhani yanasema sokwe alimzaa mtu. Yanasema wana asili moja ya kale.

Na kazi yanayo. Klorokwini ilikuwa dawa ya chaguo la kwanza ya malaria Tanzania hadi 2001. Vimelea vichache vyenye mabadiliko ya jeni vilinusurika dawa, vikazaliana, vikatapakaa, dawa ikashindwa: hayo ndiyo mageuzi. Linganisha miongozo ya matibabu ya zamani na ya sasa, utaona dawa imebadilishwa.