Bacon hakuwa mtetezi wa walalahoi
Watu wanasema Nathaniel Bacon, kiongozi wa uasi wa 1676 huko Virginia, koloni la Waingereza Amerika, alikuwa masikini aliyepigania masikini wenzake. Hapana jamani. Bacon alikuwa tajiri, ana mashamba, yumo kwenye baraza la gavana Berkeley, ila alitaka kibali cha kuwapiga wenyeji wa Amerika akanyimwa, akaenda hivyo hivyo, akavamia hadi Wapamunkey, kabila la wenyeji waliokuwa na mkataba wa amani na Waingereza. Wanyonge waliomfuata ndio walikuwa na machungu ya kweli, kodi juu, tumbaku bei chini, ardhi hawana. Septemba wakachoma Jamestown, mji mkuu wa koloni, Oktoba Bacon kafa kwa kuhara damu. Kundi moja la mwisho la waasi, kama weusi 80 na vibarua wazungu 20, wakaahidiwa uhuru, halafu wakarudishwa kwa mabwana zao.