Kichangamshi kilekile, hatari tofauti: kasi ya kufika ubongoni

Kichangamshi ni kitu kinachoamsha ubongo: kafeini ya kahawa na makasu (kokwa za kola), nikotini ya tumbaku, amfetamini, kokeini. Watu huuliza ipi ni kali zaidi. Mimi naona swali zito ni hili: inaingia mwilini kwa njia gani, na inafika ubongoni upesi kiasi gani?

Chukua sigara moja, zile zinazouzwa mojamoja hapa Lubumbashi. Ukivuta, nikotini inapitia mapafuni na kufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Raha inakuja papo hapo, na ubongo unaifunga na kiberiti, na harufu, na pumzi ile ya kwanza. Halafu inashuka upesi, mkono unatafuta nyingine. Kibandiko wanachobandika ngozini wanaotaka kuacha sigara kina nikotini ileile, ila kinaiachia taratibu kwa saa nyingi, na ni nadra mtu kuwa mraibu wake.

Kokeini inaonyesha jambo hili vizuri kuliko zote. Huko milima ya Andes, Amerika Kusini, watu wametafuna majani ya koka kwa maelfu ya miaka. Jani lina kokeini kidogo, nayo huingia polepole. Mwaka 1860 mkemia Mjerumani Albert Niemann aliitenga na jani, na baadaye ukapatikana unga wa kunusa, ambao hupanda kwa dakika chache. Kraki, ile inayovutwa kama moshi, hupanda kwa sekunde, na raha yake haifiki hata robo saa. Ndiyo maana mtu anairudia usiku kucha hadi mfuko uishe.

Kipimo nacho, yaani kiasi anachotumia mtu, kina uzito wake, pia umri wa kuanza na shida alizonazo mtu. Na polepole si salama: mlinzi wa usiku anayetafuna makasu mengi atakosa usingizi na moyo utamwenda mbio.

Wazazi, hapa nawasihi. Metilfenidati ni dawa halali ya watoto wanaoshindwa kutulia na kuzingatia. Ikimezwa kama daktari alivyoagiza, inapanda taratibu. Lakini kuna vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa kwa saa 8 au 12. Kijana akikisaga kimoja na kukinusa, dawa ya siku nzima inamwingia kwa mkupuo mmoja.